Msitu wa Root: Nimeingia Ijumaa, Bado Sijatoka

Nimelala saa tisa za usiku mara tatu mfululizo. Jumatatu nimeingia kazini macho mekundu, vifungo vya shati vimepishana, na mkuu wangu aliponiuliza kulikoni nilikaribia kumwambia ukweli: nilikuwa msituni, mzee, paka wangu wamezingirwa na sungura wameniangushia kiwanda cha mbao.

Msitu wenyewe unaingia kwenye sanduku unaloweza kulibana kwapani. Unaitwa Root. Ni mchezo wa ubao wa watu wawili hadi wanne, umetolewa na Leder Games, kampuni ya Saint Paul, Minnesota, huko Marekani. Kwa wenzetu si mgeni: wapenzi wa michezo waliuchangia fedha mtandaoni mwaka 2017, na 2018 ukawa mezani. Kwangu mimi ni wa juzi. Binamu yangu kaja nao likizo, kauzungushia taulo ndani ya begi, na dada yangu aliyekuwa akitegemea viatu mpaka leo hajamsamehe. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyecheza mara tano tu na moyo bado unamwenda mbio. Mwenye kutaka uchambuzi wa baridi aje baada ya miezi sita.

Fungua ubao kwanza. Usiguse vipande, usisome kanuni, fungua ubao utazame. Mchoraji ni Kyle Ferrin, na mkono wake una maajabu. Unaona miti minene ya majira ya kupukutika majani, rangi ya chungwa na kahawia, mto unaokatiza, vijia vinavyopinda kama njia za mbuzi. Utadhani ni kitabu cha watoto cha kusomewa kabla ya kulala. Humo msituni mna viwanja 12 vilivyofyekwa, na kila kimoja kina wenyewe: vinne vya mbweha, vinne vya sungura, vinne vya panya. Vijia vinaunganisha kiwanja na kiwanja, na kati ya vijia ni pori tupu ambalo majeshi hayapenyi. Ndani ya kila kiwanja mna vijisanduku vya kujengea, kimoja, viwili, havizidi vitatu, na vinne kati ya vyote vimekaliwa na magofu. Nilihesabu nikadhani nimekosea, nikarudia. Nchi nzima hii, na pa kujenga hapatoshi hata robo! Hapo nikajua hatutalala mapema.

Hata saa za huku zina jina lake. Zamu ya kila mchezaji ni siku moja, na siku imegawanyika mara tatu: wimbo wa ndege, mchana, jioni. Asubuhi wanaiita wimbo wa ndege! Kwa sisi tunaohesabu jogoo la kwanza na jogoo la pili, jambo hilo halihitaji maelezo.

Kisa cha nchi hii ni kifupi. Zamani ndege ndio walikuwa mabwana wa msitu. Wakagombana wenyewe kwa wenyewe, nasaba na nasaba, ufalme ukameguka. Akaja Marquise de Cat, paka wa kike mwenye cheo kikubwa na uchu wa mbao, akakuta mlango wazi, akaingia, akaanza kujenga. Sasa ndege wamejikusanya kona moja wanadai kiti chao. Mbweha, panya na sungura, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza lolote, wameanza kunong'onezana. Na katikati ya yote anapita mtu mmoja peke yake, ana begi.

Sasa nifike pale nilipopiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Kila mmoja kati ya hawa wanne ana mchezo wake! Sisemi kwa kutia chumvi. Kwenye bao, mimi nina kete 32 na wewe 32, mashimo sawa, kanuni sawa, tunatofautiana vichwa tu. Karata nazo ni vivyo hivyo. Humu kanuni zangu si zako. Mimi napata pointi kwa kujenga, mwenzangu kwa kushikilia viota, yule kwa kusambaza maneno, huyu kwa kuzurura. Tunachochangia ni ubao, fungu moja la karata, na mwisho wa safari: wa kwanza kufika pointi 30 ameshinda. Wanne tunatazama kiwanja kilekile. Mmoja anaona magogo, mmoja kiti cha babu yake, mmoja anaona majirani wenye njaa, mmoja anaona mlango uliosahaulika kufungwa. Katika miaka yangu yote ya kukaa mezani na watu sijawahi kukutana na kitu cha namna hii.

Nilianza na paka, kwa sababu kanuni zake ni za karibu zaidi na michezo niliyoizoea. Askari 25 wa mbao, rangi ya chungwa, masikio yamesimama, macho yamekodolewa kama ya mtu aliyeamshwa kwa mlango kugongwa. Ngome nikaiweka kona moja, kisha paka mmoja katika kila kiwanja isipokuwa kile cha kona ya mkabala wanakoanzia ndege. Viwanja 11! Nikaegemea kiti kama chifu.

Haukupita muda nikaielewa adha ya paka. Kwa siku ana matendo matatu. Matatu tu, labda utupe karata ya ndege upate la ziada. Kila kiwanda cha mbao kinatoa gogo alfajiri, na magogo yanajenga viwanda vingine, karakana na vituo vya kuandikisha askari. Kila jengo lina pointi zake, na kadiri unavyoendelea kujenga ndivyo gharama inavyopanda. Lakini gogo halirushwi. Lazima lipite kwenye viwanja unavyovitawala. Kiwanja kimoja cha katikati kikikuponyoka, mbao ziko huku, nafasi ya kujenga iko kule, na wewe umesimama kama mkandarasi aliyekatiwa barabara. Kila nilipogeuka nilikuwa na paka mmoja, na paka mmoja hazuii kitu. Vita vyenyewe ni dadu mbili zenye namba sifuri hadi tatu. Anayeshambulia anachukua namba kubwa, anayeshambuliwa anabaki na ndogo, na huwezi kuua wengi kuliko askari ulio nao pale. Kwa hiyo paka wangu mpweke hata akiangukiwa na tatu anaua mmoja, basi. Nilikuwa na nchi nzima na mikono mitatu.

Ndege walikuwa wa shemeji. Shemeji yangu ni mtu wa mipango, hata orodha ya sokoni anaiandika kwa namba, na alipoona ubao wa ndege macho yakamng'aa. Wao wanaendeshwa na kitu kinachoitwa Amri. Kila asubuhi ni lazima uongeze karata moja au mbili chini ya mojawapo ya safu nne: andikisha, hamisha, pigana, jenga. Mchana ukifika lazima uzitekeleze zote, moja baada ya nyingine, kila moja katika kiwanja cha jamii iliyo kwenye karata hiyo. Hakuna ukipenda. Kesho zinaongezeka. Keshokutwa zinaongezeka tena. Ni ahadi za jukwaani, ila huku zinatunzwa na kudaiwa! Ikikushinda hata moja, serikali imeanguka: unapoteza pointi moja kwa kila karata ya ndege iliyomo kwenye Amri, Amri inafutwa, kiongozi analazwa kifudifudi, na unachagua mwingine. Viongozi ni wanne, mjenzi, kamanda, dikteta, na yule mwenye mvuto. Shemeji akachagua mwenye mvuto, ambaye kila akiandikisha analeta askari wawili badala ya mmoja. Akafumuka kama uyoga baada ya mvua. Nikaanza kurudi nyuma.

Tukamsahau mama mdogo.

Mama mdogo alikuja kuleta sambusa, tukamlazimisha kukaa, tukampa Muungano wa Msitu kwa kuwa ndio uliobaki. Anaanza bila askari hata mmoja ubaoni. Ana karata tatu pembeni, ndio wafuasi wake, na kazi yake ni kuzitumia karata hizo kuweka vibandiko vidogo vya kijani kwenye viwanja, alama kwamba wenyeji wa hapo wako naye. Vinaonekana havina madhara. Lakini vina kanuni inayoitwa hasira: mgeni akiingiza askari kwenye kiwanja chenye kibandiko, lazima amkabidhi mama mdogo karata ya jamii ya kiwanja hicho. Akikiondoa, analipa vilevile.

Shemeji akaona kibandiko kimejipachika kwenye kiwanja cha sungura, palepale kwenye kiota chake. Akaingiwa na wasiwasi, akaongeza askari wakakilinde.

"Pita baba, pita," mama mdogo akamwambia bila kuinua macho, kiganja kimenyooshwa juu ya sahani ya sambusa. "Ila uniachie kitu."

Akatoa karata ya sungura. Siku iliyofuata Amri ikamlazimisha kuhamisha, akaingiza wengine palepale, kiganja kikanyooshwa tena. Karata ya pili ya sungura. Mimi nilikuwa naona kila kitu na nikanyamaza kimya, kwani shemeji akiwa mezani ni adui kama adui wengine.

Ndege walipolia asubuhi ya zamu yake, mama mdogo akajifuta mafuta vidoleni, akaweka mezani karata mbili za sungura na kusema, "Haya, hapa sasa tumechoka." Uasi! Kiota kikatoka, askari wote wa bluu wakatoka, kambi ya sungura ikasimama mahali pao, na pointi juu. Shemeji naye, maskini, kwenye safu ya kuandikisha ana karata ya sungura inamkodolea macho, na kiota cha kuandikishia kwenye kiwanja cha sungura hana tena. Akatafuta. Akafungua kitabu cha kanuni. Akanitazama mimi. Serikali ikaanguka saa nne na nusu usiku, pointi tatu zikaondoka, yule mwenye mvuto akalazwa kifudifudi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, tunajua, lakini huyu alichimba akalipa na vibarua.

Yaani fikiria! Kanuni moja ya mistari michache, na ndani yake mna dola linaloongeza doria mtaani na kila doria inamzalishia adui mpya. Hakuna aliyetuhutubia. Tuliliona likitokea kati ya sahani na chupa ya chai. Nilipochungulia ni nani aliyebuni nikaacha kushangaa. Ni Cole Wehrle, ambaye kabla ya hapo alitengeneza Pax Pamir, kuhusu Afghanistan ya karne ya 19 iliyobanwa kati ya Uingereza na Urusi, na John Company, kuhusu kampuni ya Waingereza iliyokwenda India kuuza na kununua ikaishia kutawala. Madola ndiyo shamba lake. Safari hii kayavisha manyoya. Na kuna kaka aliyetangulia kwenye njia hii, Volko Ruhnke, ambaye Andean Abyss yake ya 2012 iliwaketisha meza moja serikali ya Colombia, waasi, wanamgambo na wauza dawa za kulevya, kila mmoja na lengo lake. Ule ni mchezo wa watu wazima wenye subira. Huu mama mdogo aliuelewa kabla sambusa hazijapoa.

Wa nne ni yule mwenye begi. Kwenye kitabu ni mzururaji. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikataa jina hilo, akajiita Msela, na jina limeganda. Msela hana jeshi, hana jengo, hatawali hata kiwanja kimoja. Ana kipande kimoja cha mbao na vitu vyake: viatu vya kutembelea, tochi ya kupekulia magofu, upanga, nyundo, na chai. Ndiyo, chai ni silaha humu, ukiwa nayo vitu vyako vilivyochoka vinaamka haraka. Vitu vyake vikipigwa vinavunjika, naye akizidiwa anateleza kwenye lile pori tusiloweza kupenya sisi wengine, anapumzika, anatengeneza kila kilichovunjika na kurudi mpya. Na ana urafiki na watu! Anakuja kwenye kiwanja chako, anakupa karata unayoihitaji, anachukua kitu ulichotengeneza karakanani.

"Mjomba, shikamoo. Nikupe karata hii ya mbweha, nipe nyundo yako."

Marahaba mwanangu, chukua. Nikampa. Kesho yake nikampa na viatu. Kila msaada ulimsogeza kwenye urafiki wangu na urafiki una pointi. Wakati mimi na shemeji tunakatana masharubu kwa kiwanja cha kati, Msela alikuwa na pointi 26 na hakuna aliyemgusa. Alishinda mchezo ule kwa kumaliza kazi moja ya kijijini, akaweka begi chini, akaomba ruhusa ya kwenda kulala.

Hapa ndipo penye kasoro ya kwanza, na niseme ukweli hata kama nina mahaba. Meza ikiwa ngeni, Msela anashinda, kwa sababu kumpiga hakumpi mtu faida ya wazi na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Mchezo unawategemea wachezaji kulindana wenyewe, na wageni hawajui nani wa kuogopwa. Ya pili: ukicheza wawili, nchi inapwaya. Tulijaribu mimi na shemeji Jumamosi asubuhi, paka kwa ndege, ikawa vita vya mpaka tu, kelele zote za msitu zimetoweka. Watatu ni afadhali, wanne ndio wenyewe. Ya tatu ni kufundisha. Unafundisha michezo minne kwa mpigo, na karata zote ni za Kiingereza. Ilinichukua saa nzima na robo kabla askari wa kwanza hajasogea, na mama mdogo aliniuliza mara mbili kama kuna mtihani mwishoni.

Tena kuna jambo linanikera kidogo kama mtu niliyelelewa na ngano. Sungura! Huku kwetu sungura ndiye aliyewapiga chenga simba, fisi na tembo, hakuna mtoto asiyejua. Humu sungura ni jamii tu kwenye karata, sawa na panya, sawa na mbweha. Kiwanja cha sungura hakina tabia yoyote ya kisungura. Wenyeji wa nchi ndio tunaowajua kidogo kuliko wote. Wapo kama ardhi, hadi pale Muungano unapowasimamisha, na hapo wanakuwa wa kijani wote. Mtu anaweza kusema hiyo ndiyo hoja yenyewe ya mchezo. Mimi bado namtaka sungura wangu mjanja.

Nasikia msitu umeendelea kujaa. Kwenye masanduku ya nyongeza kuna fisimaji wafanyabiashara wanaouza huduma zao kwa yeyote na mijusi wa dhehebu lao, baadaye kuna fuko wanaotokea chini ya ardhi na kunguru wenye njama, kisha panya wababe na nyegere wenye deraya. Kuna na programu ya kuchezea kwenye simu, ilitoka 2020. Sijagusa lolote kati ya hayo na kwa sasa sina haraka. Sijawacheza hata ndege mwenyewe! Nimewaona tu wakianguka. Nyuma ya ubao kuna nchi ileile wakati wa theluji, ambapo jamii za viwanja zinapangwa kwa bahati nasibu kila mara, na hatujaugeuza bado. Binamu anarudi Alhamisi ya wiki ijayo na anasema ataondoka na sanduku lake. Tutaona.

Jana usiku nimekaa kitandani na kitabu cha kanuni, natafuta namna paka anavyoweza kupona. Nimegundua kumbe wale waliouawa naweza kuwarudisha ngomeni kwa kutoa karata ya jamii ya kiwanja walichofia. Hospitali za vitani! Michezo mitano nimewazika bure. Nikamwandikia shemeji ujumbe saa sita na nusu usiku, akajibu palepale, kumbe naye yuko macho, anapanga Amri ya siku saba kwenye daftari.

Kabla sijaweka simu chini ukaingia ujumbe mwingine, wa mama mdogo. Nilidhani kuna mgonjwa. "Ijumaa nakuja na maandazi," kaandika. "Na safari hii paka ni mimi."